MAITI ASIYE NA MWENYEWE NI WA NANI?

Neno Kuu: Kumbukumbu la Torati 21:1–9
Masomo mengine: Waamuzi 19:22–30, 2 Samueli 21:10–14, Yohana 20:11–18

 

Wengi wenu mliniomba niandike mahubiri haya kwa ukamilifu, maana Jumapili mvua ilipiga mabati na waliokaa nyuma walisikia nusu nusu. Basi haya hapa. Soma ukiwa na Biblia mkononi, na ukimaliza mpe jirani yako naye asome.

Sura ya 21 ya Kumbukumbu la Torati watu wengi huipita mbio. Iko katikati ya sheria za vita na sheria za urithi, na mtu akifika hapo anaona habari ya ng'ombe na bonde, anafungua Zaburi. Lakini ngoja kidogo. Hapa kuna maiti.

Maiti ameonekana shambani. Ameuawa, hilo halina ubishi. Aliyemuua hajulikani. Na aliyekufa mwenyewe hatajwi jina, wala kabila, wala ukoo, wala haisemwi alikuwa anatoka wapi kwenda wapi. Hakuna aliyejitokeza kusema, huyu ni wangu. Leo tungesema kesi hii imekwama. Tungeifunga faili, tuiweke kwenye kabati, tuendelee na mambo mengine.

Mungu wetu hafungi faili ya namna hiyo. Anaagiza wazee na waamuzi watoke. Hawatumi kijana awaangalilie, wanatoka wao wenyewe. Na kazi ya kwanza wanayopewa ni ya kushangaza: wapime. Wapime kutoka pale alipolala maiti mpaka kila mji ulio karibu, ndipo wajue ni mji gani uko karibu naye kuliko mingine yote. Mji huo ndio wenye maiti. Haijalishi kama kuna mtu wa mji huo aliyemjua. Kwa sababu mko karibu, yeye ni wenu.

Sasa sisi Abagusii kupima tunajua. Si ndio? Saveya akija hapa kijijini, ndugu wawili wanasimama naye asubuhi mpaka jioni. Kamba inavutwa, jiwe la mpaka linatafutwa chini ya majani ya chai, na kwa futi mbili tu watu wanafika kortini na wanakaa huko miaka kumi. Lakini maiti akionekana kando ya mto unaotenganisha vijiji viwili, angalia vile tunapima. Kila kijiji kinapima ili kimsukume upande wa pili. "Huyo si wetu, huyo ni wa upande ule." Wazee wa Kumbukumbu 21 walipima ili wajue ni nani atakayembeba.

Na kumbeba kulikuwa na gharama. Mji ule ulitoa mtamba ambaye hajafungwa nira wala kufanyishwa kazi. Nyinyi wafugaji mnajua mtamba ni nini: ni maziwa ya kesho, ni karo ya mtoto. Ulitafuta bonde lenye maji yanayotiririka, ambalo halijalimwa wala kupandwa. Hapa kwetu, ambako tumegawana mashamba mpaka mtu anapanda mahindi kwenye ukingo wa barabara, niambie nani ana bonde ambalo halijalimwa! Makuhani wakaja, mtamba akavunjwa shingo, wazee wakanawa mikono juu yake mbele za Mungu. Wakatangaza kwamba mikono yao haikuhusika na damu ile na macho yao hayakuona ikimwagika. Wakaomba msamaha wa taifa zima.

Mambo yote hayo yalifanywa kwa ajili ya mtu ambaye hawakumjua jina.

DADA YETU WA KWARE

Nina sababu ya kuleta andiko hili. Wengi wenu mna watoto Nairobi. Wako Mukuru, wako Pipeline, wako Kayole, wanatafuta. Kwa hiyo mnaikumbuka vizuri Ijumaa ya tarehe 12 Julai 2024. Siku hiyo, katika timbo la zamani lililojaa maji na taka pale Kware, Mukuru kwa Njenga, miili ya wanawake ilianza kutolewa majini. Ilikuwa imefungwa ndani ya magunia na mifuko. Mingine ilikuwa imekatwa vipande. Siku zilizofuata ikatolewa mingine.

Jumatatu, tarehe 15 Julai, polisi walimkamata kijana mmoja Kayole, usiku ule wa fainali ya kombe la Ulaya. Wakuu wa upelelezi walitangaza kwamba amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022. Wakili wake akaiambia mahakama kwamba aliteswa ndipo akasema hivyo. Kabla ya yote hayo kuamuliwa, tarehe 20 Agosti 2024, mshukiwa huyo alitoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12.

Sitaliandika jina lake hapa. Jina lake mnalijua, hata watoto wa shule wanalijua. Wapendwa, hapo ndipo moyo wangu ulipochomwa. Jina la anayeshukiwa kuua tunalo, picha yake tunayo. Majina ya waliouawa je? Wachache walitambuliwa na familia zao. Na ukichukua ile idadi ya 42 iliyotangazwa, ukaiweka kando ya miili iliyotolewa majini, utaona pengo kubwa sana. Kama idadi ile ni ya kweli, wengine wako wapi? Kama si ya kweli, nani basi aliwaua hawa waliopatikana? Vyovyote vile, kuna mwanamke aliyefungwa ndani ya gunia, na hakuna mtu aliyesimama kusema, huyu ni wangu.

Huyo ndiye maiti wa Kumbukumbu 21. Nataka tujifunze mambo matatu mbele yake.

JAMBO LA KWANZA: MUNGU HUPIMA UMBALI

Miili ile ilipopatikana, kuna watu waliopima kweli kweli. Mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, ilisema wazi kwamba mahali miili ilipotupwa hapafiki mita 100 kutoka kituo cha polisi. Mita 100! Ni kama kutoka mlango wa kanisa mpaka pale vijana wa boda boda wanaposimama. IPOA ikaanzisha uchunguzi, na maafisa wa kituo kile wakahamishwa.

Ukisikia hivyo unasema, "Polisi! Polisi ndio walikuwa karibu." Ni kweli, wao waulizwe, na walioapishwa kulinda watu watoe hesabu yao. Lakini andiko halikusema mpime mpaka mfike kwa polisi mkishafika hapo mwache. Liliwataka wazee wa mji. Timbo lile limezungukwa na nyumba za watu. Kuna maduka, kuna njia, bila shaka na makanisa. Polisi wako mita 100, na sisi tulioimba sifa jirani hapo tuko mita ngapi?

Na usiniambie Itumbe ni mbali. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, lakini umbali wa mtu haupimwi kwa matatu peke yake. Binti aliyezaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaenda kutafuta kazi ya kufua nguo Mukuru, yuko umbali gani na wewe? Kama hujampigia simu tangu Desemba, wewe ndiye umeweka zile kilomita.

Tena angalieni jambo moja kuhusu kule kunawa mikono. Wazee walinawa baada ya kutoka, baada ya kupima, baada ya kutoa mtamba. Tena walinawa kwa sharti: mikono haikumwaga, na macho hayakuona. Kama mzee mmoja pale aliona kitu usiku ule akanyamaza, maji yale hayakumsaidia. Pilato naye alinawa mikono, Mathayo 27:24, mbele ya watu wote, na alikuwa anajua kila kitu. Maji yalimwagika na hatia ikabaki palepale. Kwa hiyo kama wewe umeona kitu, iwe ni Nairobi au ni hapa kijijini, usije madhabahuni kuomba maji ya kunawa. Nenda kwanza useme ulichoona. Kesi ya mauaji haiozi. Hata baada ya miaka ishirini shahidi anaweza kusimama kortini.

JAMBO LA PILI: KUUA HUANZA KWA KUMVUA MTU JINA

Waamuzi 19 ni sura ngumu. Kuna mwanamke, suria wa Mlawi fulani. Alitolewa nje usiku kwa watu waovu wa Gibea, akateswa mpaka alfajiri, akarudi akaanguka mlangoni. Mstari wa 27 unasema mikono yake ilikuwa juu ya kizingiti. Baadaye mwili wake ukakatwa vipande kumi na viwili vikatumwa katika Israeli yote. Msomaji wa Biblia ukiona habari za Kware, utaikumbuka sura hii hata kama hutaki.

Sasa tafuta jina lake. Soma sura yote, halafu usome ya 20. Hulipati. Na hapo hata hakuna haja ya saveya. Mikono yake iko mlangoni na bwana wake amelala ndani. Ni upana wa mbao ya mlango tu. Gibea yote haikuweza kusema haikuona.

Angalia tulivyozungumza sisi baada ya Kware. Nilisikia mazungumzo kwenye kituo cha kununulia chai, nikasikia kwenye matatu, na nasikitika kusema nilisikia hata baada ya ibada. "Hao wasichana wa Nairobi, unajua walikuwa wanafanya kazi gani?" "Mtu mwenye heshima atauawaje hivyo?" "Alifuata nini huko usiku?"

Wapendwa, rudini kwenye Neno Kuu mhesabu. Mistari tisa. Nionyesheni ni wapi Mungu anawauliza wazee kwamba marehemu alikuwa amevaa nini. Nionyesheni ni wapi anauliza alikuwa anatoka kwa nani, saa ngapi. Haulizi. Damu imemwagika juu ya nchi, hiyo inatosha. Ile damu ya Habili katika Mwanzo 4 ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia kabla ya kusikia maelezo ya Kaini.

Tukimwita malaya, tayari tumemvua jina. Aliyemuua alimfunga gunia la kwanza. Mdomo wetu unamfunga gunia la pili.

Na wacha tupime hata karibu zaidi, maana mtu asiseme haya ni mambo ya Nairobi. Mei 2008, hapa hapa Gusii, watu 11 waliuawa kwa moto, wengi wao wanawake, wakiitwa wachawi. Tarehe 17 Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Hao hawakuwa wageni. Kila aliyekuwa katika umati ule alijua majina yao. Wengine walikuwa wamepikiwa uji na mikono yao. Lakini kabla ya kiberiti kuwashwa, jina la mama liliondolewa, likawekwa neno moja: omorogi. Mtu akishaitwa omorogi, hana tena watoto, hana wajukuu, hana historia. Yuko tayari kuuawa. Majirani wa mwanamke wa Kware walimjua au hawakumjua. Wa Marani walijulikana, na bado tukawafanya wasiojulikana.

Kwa hiyo naandika hili ili libaki kwenye karatasi: katika madhabahu ya kanisa hili hakuna nabii atakayesimama kumwonyesha mama wa mtu kidole na kusema ndiye mchawi wa boma. Unabii wa namna hiyo ni petroli. Mtu akikuletea huo, mwambie apite.

JAMBO LA TATU: KUTAFUTA SI KUKOSA IMANI

Mama mmoja kati yetu amenikubalia niseme habari yake bila jina lake wala kijiji chake. Binti yake alienda Nairobi mwaka 2022. Alianza na kazi ya nyumba, baadaye akawa mama fua, anazunguka mlango kwa mlango kuuliza kama kuna nguo. Kila mwezi alikuwa anatumia mama yake kitu kidogo kwa simu, mia tatu, mia tano. Mwanzo wa 2024 simu ikazimwa. Mpaka leo.

Watu walimwambia, "Amepata bwana, amekusahau." Alienda kituo kimoja cha polisi, akaambiwa mtu mzima hapotei, arudi nyumbani angoje. Akangoja. Kila simu ya namba ngeni ikilia, anaacha hata sufuria motoni.

Habari za Kware zilipotangazwa, ikasemwa kwamba familia zilizopoteza watu waende watoe sampuli za DNA zilinganishwe na miili. Mama huyu alikuja kwangu akakaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Pasta, wewe ndiye umetufundisha tukiri uzima. Sasa nikienda kutoa mate yangu yalinganishwe na ya maiti, si nimemchimbia mtoto wangu kaburi kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Nalijibu swali hilo hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake analo.

Mama, asubuhi ile ya kwanza ya juma, wanawake walioenda kaburini walikuwa wamebeba manukato. Manukato ni ya nini? Ni ya kupaka maiti. Hawakwenda kuangalia ufufuo, walikwenda kutafuta mwili. Na Mariamu Magdalene, Yohana 20:15, alimwona mtu akadhani ni mtunza bustani. Akamwomba amwonyeshe alipouweka mwili ili yeye mwenyewe akauchukue. Mwanamke mmoja, peke yake, mwili wa mwanaume mzima! Angeubebaje? Hakupiga hesabu hiyo. Alichosema ni kwamba maiti huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Je, alikosa imani? Wale waliojifungia ndani ndio waliochelewa kusikia. Habari ya ufufuo ilimkuta aliyekuwa anatafuta mwili. Na Yesu alipotaka kujitambulisha kwake, hakumpa mahubiri marefu. Alimwita jina lake tu. Mariamu. Hapo akamjua.

Kipimo hakiui mtu. Kama binti yako yuko hai, DNA haiwezi kumgeuza maiti. Itasema tu, hayumo humu, endeleeni kumtafuta. Na kama amelala, kipimo hakitamuua mara ya pili. Kitamtoa kwenye droo ya mochari aliyoandikiwa "mwanamke asiyejulikana" kimlete nyumbani. Sisi mtu wetu huzikwa nyumbani. Lakini maiti asiyechukuliwa, hospitali inatangaza gazetini, inaomba kibali, na mwisho anazikwa na wengine katika shimo moja, bila jina. Unataka tukiri uzima? Tukiri. Lakini tukiri tukiwa njiani, tunatafuta.

Mnakumbuka Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023? Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu waliopotoshwa na mtu aliyejiita mchungaji. Na sisi wachungaji tukisoma habari ile tuiname. Mingi haikutambulika kwa macho. Lakini kwa sababu ndugu zao walikubali kutoa sampuli, mnamo Machi 2024 miili ya kwanza, 34, ilikuwa imetambuliwa, na familia zikaanza kukabidhiwa watu wao wakazike. Kilikuwa kilio kikubwa. Hata hivyo kulia juu ya kaburi unalolijua si sawa na kulia miaka yote bila kaburi.

Na kuhusu ndoto. Magazeti yaliandika kwamba jamaa wa familia moja iliyopoteza binti aliota akionyeshwa lile timbo la Kware, na vijana wakaombwa waingie majini watafute. Sisi watu wa Roho hatushangai, Mungu husema kwa ndoto. Lakini usiruke jambo moja: ndoto ilimkuta mtu ambaye familia yake ilikuwa tayari inatafuta. Hawakuwa wameketi. Ukingoja uote ndipo uanze kutafuta, huenda utalala sana.

Mwangalie pia Rispa, 2 Samueli 21. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa na miili ya wanawe tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ikanyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Hakuwa na cheo wala wakili. Lakini alikaa mpaka habari zikamfikia mfalme, na Daudi akaagiza mifupa ikusanywe ikazikwe kwa heshima. Mstari wa 14 unasema baada ya hayo Mungu aliyasikia maombi ya nchi. Baada ya hayo! Kuna maombi ya Kenya ambayo tunakesha tukiyaomba, na huenda jibu linangoja tuzike watu wetu vizuri.

Yule mama tulienda naye. Wazee wawili, kiongozi wa idara ya akina mama, na mimi. Tulienda wengi makusudi, maana mtu mmoja anaambiwa arudi kesho, watu watano wanapewa kiti. Taarifa iliandikwa. Namba ya OB ameiweka ndani ya Biblia yake. Sampuli ilichukuliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, haikuchukua hata dakika tano. Jibu halijaja. Tunangoja naye, na safari hii hangoji peke yake.

TUFANYE NINI WIKI HII

Neno lisilokuwa na miguu halifiki mahali. Naomba kila nyumba ifanye yafuatayo.

Moja. Andika kwenye daftari majina kamili ya kila mtoto wako aliye mbali, namba ya kitambulisho, mtaa anaoishi, na simu ya jirani au mwenzake wa kazi. Weka na picha ya karibuni. Siku ya shida, familia nyingi hujua "yuko Nairobi" na hakuna zaidi.

Mbili. Mtu akipotea, ripoti siku hiyo hiyo. Hakuna sheria inayosema ungoje saa 24. Dai namba ya OB, usiondoke bila hiyo. Ukifukuzwa, njoo kanisani, tutarudi pamoja. Shirika la Msalaba Mwekundu pia lina huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana.

Tatu. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja ndio wanaofaa zaidi kutoa sampuli. Mkiitwa, nendeni.

Nne. Kama kuna msichana anayefanya kazi nyumbani kwako, muulize leo jina lake lote, na jina la mama yake, na kwao ni wapi. Kuna watu hapa wameishi na mtoto wa wenyewe miaka miwili wakimwita "msichana". Akipatwa na jambo utamwambia polisi anaitwa nani?

Tano. Dada yangu unayepigwa, usingoje tuje kupima umbali. Polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024, miezi mitatu tu. Piga 1195, ni bure. Au njoo kwa mama mchungaji, hata kama ni usiku wa manane. Na wewe ndugu unayempiga, nakupenda, lakini kanisa halitakuficha.

TUOMBE

Ndugu msomaji, yuko mmoja aliyeuawa nje ya mji, akavuliwa hata nguo, na wapita njia wakamtikisia vichwa. Damu yake, Waebrania 12:24 inatuambia, inanena mema kuliko ya Habili. Ya Habili ililia ikitaka haki. Ya Yesu inatupa haki na msamaha pamoja. Kama mikono yako ina damu, au macho yako yaliona ukanyamaza, yeye ndiye wa kumwendea. Ukitoka kwake, atakuonyesha njia ya kwenda kituoni, na tutakusindikiza.

Baba, katika jina la Yesu, tunasimama mbele zako kama wazee wa mji ulio karibu. Yule dada wa gunia, sisi hatumjui jina. Wewe unalijua. Ulimjua tumboni mwa mama yake, na mama huyo yuko mahali leo, labda anachuma chai, labda anangoja simu. Mpe nguvu ya kusimama na kusema, huyu ni wangu. Waguse wapelelezi wasichoke, waliojificha wafichuliwe, walioona wafungue vinywa. Watunze mabinti wetu walio mbali. Na sisi utuondolee ulimi unaovua watu majina. Kenya isamehewe damu isiyo na hatia iliyomwagika katikati yake. Amina.

Kabla hujaweka karatasi hii chini, mpigie simu yule mtoto.